Makopo Mawili, Ubao Mmoja

Mei 16, 2006

Sijamwambia mtu yeyote jambo hili. Jumamosi, majaji walipokuwa wakijumlisha alama, wasichana wa klabu yetu ya sayansi walishikana mikono wakaomba tushinde. Mimi pia nilifumba macho. Niliomba tushindwe.

Tulishinda. Mercyline, mwenzangu katika mradi, alinirukia mgongoni karibu tuanguke sote wawili. Mwalimu Mungai wa fizikia alipiga makofi mpaka vumbi la chaki likatoka kwenye mikono ya koti lake. Nami nilitabasamu kwa meno tu, kwa sababu mshindi wa tarafa anaenda mkoani, Parklands, mwezi wa Julai, na huko kila mwanafunzi wa mradi lazima azungumze. Hadi sasa kuzungumza kumekuwa kazi ya Mercyline. Yangu ni kuunganisha nyaya.

Leo kwenye paredi mwalimu mkuu, Madam Peres, alitaja majina yetu. Kisha akasema mwaka ujao, tukiingia Fomu ya Tatu, huenda shule isiwe na fizikia. Wasichana wa Fomu ya Pili wanaoitaka ni wachache, na hawezi kumweka mwalimu afundishe viti.

"Mwisho wa muhula mtanyoosha mikono hapa hapa," alisema. "Ama nione mikono ya kujaza darasa, ama hawa wawili waniletee cheti cha mkoa. Bila hivyo fizikia tutaiaga."

Wasichana wa mistari ya nyuma walishangilia. Walishangilia kuiaga.

Fizikia ndilo somo pekee ambalo nikiwa darasani nasahau kwamba nina mikono na sijui pa kuiweka.

Mei 17

Mvua. Viatu havikukauka.

Mei 20

Mercyline ameniambia niandike mashine yetu inavyofanya kazi, ili nizoee kuieleza. Najaribu.

Tuna makopo mawili ya mafuta ya kupikia, yamejazwa mchanga. Yananing'inia kwa fimbo mbili kutoka kwenye ubao mmoja mrefu wenye miguu, na yanabembea. Kopo la kwanza linaenda linavyotaka. La pili lina mota ndogo niliyoitoa kwenye redio ya kaseti iliyokufa. Kazi ya mota ni kulisukuma kopo la pili mpaka lifuatane na la kwanza, hata kama lilianza vibaya, hata upepo ukilipiga.

Wazo ni la binamu yangu Mbuthia, anayesomea uhandisi chuo kikuu. Alikuja kwetu Mutuini mwezi wa Januari, akanikuta nikimrudisha ng'ombe nyumbani kutoka kwenye dipu, kule wanakoogeshwa dawa ya kupe.

"Unajua ng'ombe wako ana kilo ngapi?" aliniuliza.

"Hapana."

"Unajua anawaza nini?"

"Mbuthia, ni ng'ombe."

"Na bado unamfikisha. Unafanyaje?"

Nikamwambia, akiegemea mtaroni namchapa ubavu wa upande ule. Akienda katikati ya barabara namchapa ubavu wa pili.

"Basi umemaliza sura nzima ya kitabu changu," alisema. "Chora mstari. Akiwa upande huu, sukuma kule, kwa nguvu zako zote. Akivuka, geuza, sukuma huku. Huhitaji kujua ni nini kinamtoa mstarini. Unahitaji tu kuwa na nguvu kukizidi."

Mstari wetu si wa barabarani. Unatokana na vitu viwili vikijumlishwa: pengo kati ya makopo, na kasi ya pengo hilo. Ukitazama pengo peke yake utadanganyika, kwa sababu kopo linaweza kuwa mahali panapofaa lakini linapita mbio.

Ubaya wa njia hii ni kutetemeka. Mota inageuka huku na kule bila kupumzika, inalia kama nyigu ndani ya chupa. Walimu wa chumba cha pili walilalamika. Mercyline akaleta kutoka kwao, mtaa wa Satellite, vipande vya sponji ya godoro kuukuu, tukaviweka chini ya miguu ya ubao. Kelele ikapungua, na hapo ndipo mashine ilipoanza kufanya kazi.

Kulikuwa na jambo dogo. Tulitaka makopo yaende upande mmoja, kama watu wawili wanaotembea pamoja. Yalikataa. Yalikuwa yakiachana na kukutana, kama mikono inayopiga makofi. Mercyline alicheka.

"Si bado ziko pamoja? Hii ya makofi hata ni poa kuliko. Geuza hizo waya, tuseme ndivyo tulitaka."

Nikageuza nyaya mbili. Tukasema ndivyo tulivyotaka.

Mei 29

Hakuna kitu. Jaribio la hisabati.

Juni 9

Kombe la Dunia limeanza. Baba amebeba kiti chake mwenyewe kwenda kwa jirani mwenye televisheni.

Mercyline alinisimamisha mbele ya makopo leo.

"Hayo ndiyo majaji. Anza."

"Hamjambo. Jina langu ni Wanjugu, na…"

"Unaongea na viatu vyako. Viatu zimekusikia. Sasa ongea na jaji."

Nilijaribu tena. Alisikiliza huku ameshika kidevu kama jaji kweli, na nilipokwama alinikonyeza. Nilicheka, nikamaliza. Ni mara ya kwanza kumaliza. Sijui kwa nini mtu kama yeye alinichagua mimi kuwa mwenzake. Siku moja nilimuuliza, akasema, "Wewe huwa unasoma mpaka maandishi madogo chini ya picha. Mimi nataka kutengeneza ndege. Nitahitaji mtu wa kusoma maandishi madogo."

Juni 14

Mvua ilianza baada ya masomo, na upepo. Mercyline alikuwa ameenda mazoezi ya kwaya. Nilikuwa maabarani peke yangu. Niliyaanzisha makopo vibaya makusudi, moja juu, jingine nikaliacha limetulia, kisha nikageuka kuosha chupa za kemia, kwa sababu yalikuwa yakichukua muda kidogo kukubaliana.

Niligeuka tena yakiwa yanapiga makofi, vizuri kabisa. Nikafurahi. Halafu nikaona taa nyekundu ya kwenye bodi yetu ya nyaya, inayowaka kukiwa na stima, imezima.

Nilitazama dari. Balbu zilikuwa zimezima pia. Nje, upande wa barabara, mti ulikuwa umelalia nyaya za stima. Mota ilikuwa kimya. Sikuwa nimeona tofauti kwa sababu ya kelele ya mvua kwenye mabati.

Makopo yaliendelea kupiga makofi.

Niliyasimamisha. Nikayaanzisha upya, sasa yote mawili upande mmoja, moja nikilitanguliza kidogo. Yakayumba, yakachanganyikiwa, yakarudi kwenye makofi. Nikayaanzisha mara nyingine. Makofi. Hakuna stima, hakuna mota, hakuna mstari, hakuna ng'ombe wa Mbuthia. Makofi.

Mwishowe niliweka kiganja changu juu ya ubao. Hapo nilielewa, na nilitamani nisingeelewa. Makopo yakienda upande mmoja, ubao unasukumwa nayo, unacheza juu ya sponji, na sponji inakula ile nguvu. Yakienda pande tofauti, moja linavuta huku na jingine kule, ubao unatulia, na hakuna kinacholiwa. Kwa hiyo mwendo mwingine wote unakufa na makofi yanabaki. Ni ubao unaoyapatanisha. Mota yetu ni dhaifu mno kwa kopo la mchanga. Imekuwa ikilia tu.

Ndiyo maana yalikataa kwenda upande mmoja. Yalikuwa yakituambia tangu mwanzo, na sisi tukageuza nyaya mbili.

Mama aliniuliza kwa nini sili. Nilisema kichwa kinauma.

Juni 15

Nilimwambia Mercyline wakati wa mapumziko, nyuma ya matangi ya maji. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Sawa," alisema. "Na nani atazima stima?"

"Vipi?"

"Nauliza. Jaji atakuja na plaisi akate waya? Mti utaanguka Parklands?"

"Lakini Mercyline, si mashine inayofanya. Ni sponji."

"Sponji ni yetu. Nilitoa kwa kitanda chetu."

Nilidhani anatania, nikacheka. Hakuwa akitania.

"Wewe ulitaka tuanguke," alisema. "Unadhani sikukuona ile Jumamosi? Watu wote wanang'ang'ana na Mungu, wewe umekaa kama mtu anangojea kung'olewa jino. Sasa umepata sababu nzuri. Bila cheti hakuna fizikia, Wanjugu. Bila fizikia hakuna ndege. Unaelewa? Hakuna."

Akaenda. Nilibaki pale mpaka kengele.

Juni 16

Mercyline alikula na akina Becky wa darasa la Magharibi, si nami.

Juni 19

Baridi, na manyunyu yasiyoisha. Nilimfuata Mwalimu Mungai baada ya kipindi cha mwisho, nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma mara kwa mara, lakini alielewa haraka. Aliweka kiganja juu ya ubao kama nilivyofanya mimi, nikaona uso wake ukibadilika. Kwa kitambo kidogo alifurahi. Nina hakika alifurahi, kama mtu aliyeonyeshwa ndege adimu. Kisha furaha ikaondoka.

"Nani mwingine anajua?"

"Mercyline."

"Basi iishie hapo." Alichukua kifutio akaanza kufuta ubao wa chaki, ingawa haukuwa na kitu. "Nisikilize, Wanjugu. Somo likitoka katika shule, halirudi. Nimeona likitoka kwingine. Maabara inageuzwa stoo ya mahindi. Enda mkoani na kile kinachofanya kazi."

"Lakini hakifanyi kazi, Mwalimu."

"Kinaonekana kufanya. Baadaye, tukishapata darasa letu, tutakirekebisha polepole."

Huyu ndiye aliyenikata alama mwaka jana kwa kuandika jibu sahihi bila kuonyesha njia. Sikumchukia. Ningekuwa na raha zaidi kama ningemchukia.

Juni 25

Mbuthia alikuja baada ya kanisa. Nilimweleza yote isipokuwa lile ombi la ukurasa wa kwanza. Alicheka sana kuhusu sponji, halafu akaona sicheki.

"Njia si mbaya," alisema. "Mota yako ndiyo mbaya. Nilikwambia nini? Uwe na nguvu kuzidi kinachomtoa ng'ombe mstarini. Wewe umempeleka ng'ombe kwa unyoya."

Tulifungua pikapu ya Baba iliyolala uani, tukatoa mota ya feni. Baba alitazama, kisha akasema, "Mkimaliza nayo, hata usukani mchukue, sina kazi nao."

Usiponiamini, daftari, basi sijui nani ataniamini: sijui kwa nini nataka kusema ukweli. Mercyline anasema naogopa kuzungumza na hii ni njia yangu ya kutoroka. Nimejiuliza swali hilo kila siku tangu aliposema. Kama tungekuwa tunashinda na mimi sitakiwi kufungua mdomo, ningejali kuhusu sponji? Nadhani ningejali. Lakini ninadhani tu.

Julai 3

Mota ya feni inafanya kazi. Bila sponji, ubao umefungwa kwa kamba kwenye meza nzito, makopo yanaenda upande mmoja. Upande mmoja! Nilisukuma la pili kwa kidole, likayumba, likarudi kumfuata mwenzake lenyewe.

Lakini linatetemeka vibaya, kama mtu mwenye homa. Mbuthia alinifundisha kupunguza fimbo ng'ombe akiwa karibu na mstari. Nikipunguza kidogo bado linatetemeka. Nikipunguza sana, upepo wa dirishani tu unalitoa. Na kila baada ya muda fyuzi inaungua.

Nilimwonyesha Mercyline. Alitazama muda mrefu.

"Iko sick," alisema. Halafu, kwa sauti ya chini, "Lakini imeskia." Akaondoka kabla sijamjibu.

Julai 9

Fainali. Kelele hadi Mutuini yote haikulala.

Julai 15

Ukumbi wa shule ya Parklands ulikuwa mkubwa, sakafu ya saruji, na kila meza ilikuwa na soketi yake. Nilibeba mota ya feni ndani ya begi langu, na betri ya pikapu Baba aliniletea mwenyewe hadi getini. Mwalimu Mungai aliona begi. Alichuchumaa akaweka sponji chini ya miguu ya ubao kwa mikono yake, moja baada ya nyingine, akazinyoosha kingo, kisha akaenda kusimama karibu na mlango.

Jaji wetu alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. Mercyline alianza. Sijawahi kumsikia akizungumza vizuri namna ile. Alieleza mstari, alieleza ng'ombe, jaji akatabasamu kwa ng'ombe. Akaanzisha makopo vibaya, akaendelea kuzungumza, na polepole yakaanza kupiga makofi. Watu waliokuwa wakipita walisimama kutazama.

"Na hii sponji?" jaji aliuliza.

"Ya kupunguza kelele, Madam," Mercyline alisema. Na ilikuwa kweli.

Jaji aliandika. Akafungua ukurasa wa mradi uliofuata. Alikuwa ameshainua mguu. Niliona kwamba hakuna mtu duniani angejua, na kwamba hata zamu yangu ya kuzungumza alikuwa ameisahau. Kila nilichokuwa nimekiogopa kilikuwa kinaondoka chenyewe.

Nilichomoa plagi.

Taa nyekundu ilizima. Mota ikanyamaza. Makopo yakaendelea kupiga makofi, taratibu, kana kwamba hakuna lililotokea. Jaji alitazama makopo, akatazama plagi mkononi mwangu.

"Basi mashine yenu inafanya nini?" alisema.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na sentensi zote, nilikuwa nimezipanga tangu Juni, na hakuna hata moja iliyokuja. Nilisimama na plagi mkononi. Nyuma ya jaji mtu alicheka. Kule mlangoni Mwalimu Mungai aliangalia chini.

Kisha nikasikia Mercyline akivuta pumzi kwa hasira, ile pumzi yake ya kabla ya kumjibu mtu.

"Madam," alisema, "anachotaka kusema ni kwamba haifanyi kitu. Tulidhani inafanya. Ni ubao na sponji ndizo zinafanya, na ni yeye aligundua, stima ikiwa imepotea. Weka mkono hapa, uone."

Jaji aliweka mkono. Mercyline alieleza yote, na alieleza vizuri kuliko alivyoeleza uongo. Mimi nilikuwa tayari nimepiga magoti nikitoa sponji. Pamoja tulifunga ubao kwa kamba kwenye meza, kisha mota ya feni, mikono yake ikinigonga kwa makusudi kila ilipopata nafasi. Makopo yalienda upande mmoja. Yalitetemeka, yalikuwa mabaya kutazama, lakini jaji alilisukuma la pili kwa kalamu yake, likayumba, likarudi. Alilisukuma tena, fyuzi ikaungua, na moshi kidogo ukapanda mpaka kwenye miwani yake.

"Nimeona," alisema. Akaandika kwa muda mrefu, akaenda.

Hatukupata cheti. Walisoma majina mpaka mwisho na yetu hayakuwemo.

Nje, karibu na geti, Mercyline alinikamata sweta.

"Usiwahi kunifanyia hivyo tena. Unasikia? Unataka kuzima stima, sema kwanza. Nijipange."

"Ungekubali?"

"Singekubali. Lakini sema!"

Halafu akaanza kulia, nami nikalia pia, na Mwalimu Mungai akasimama pembeni na ubao begani, akijifanya anasoma bango la shule. Tulipomaliza alisema, "Twendeni." Baada ya hatua kadhaa akaongeza, bila kunitazama, "Natamani ningekuwa mimi niliyechomoa."

Julai 16

Nimelala mchana kutwa. Mama aliniwekea uji mara mbili.

Julai 18

Jana Madam Peres alituita ofisini. Hakukasirika. Alisema alichokisema mwanzoni kinabaki vilevile: cheti hakipo, basi tunangoja mikono itakayonyooshwa mwisho wa muhula.

"Mercyline," nilisema tulipotoka, "tuwaonyeshe madarasa mengine. Wewe uzungumze…"

"Mimi nilizungumza Jumamosi. Koo yangu imeisha. Hii utasema mwenyewe."

"Siwezi."

"Sawa. Basi kaa."

Sikukaa. Leo wakati wa mapumziko nilimwomba Mwalimu Mungai ufunguo wa maabara, akanipa. Nilibeba ubao na makopo hadi Fomu ya Pili Magharibi, darasa la akina Becky, nikavisimamisha juu ya meza ya mwalimu, nikaweka sponji, nikaunganisha ile mota ndogo ya kaseti. Wasichana walikuwa wakila mandazi. Nilisema hamjambo. Hakuna aliyesikia. Nikasema tena kwa nguvu, sauti ikapasuka katikati, wakacheka.

"Ongeza volyum!" Becky alipiga kelele kutoka nyuma.

Niliyaanzisha makopo. Nikawaambia watazame, na kwamba mota ndiyo inayoyafanya yapige makofi. Wakatazama. Nikamwita Becky mbele achomoe plagi. Alikuja akijitingisha, akaichomoa kwa vidole viwili, na darasa likanyamaza kwa sababu makofi hayakusimama.

"Haiya," Becky alisema. "Sasa nani anasukuma?"

Niliwaambia waje wenyewe watafute. Walikuja, wakasukumana, wakainama chini ya meza kutafuta betri iliyofichwa, wakavuta fimbo, wakabishana. Mmoja alisema ni sumaku. Mmoja alisema ni mapepo, na akapigwa kofi la kichwa. Mwishowe Becky mwenyewe aliegemea ubao kwa mkono ili aone vizuri, akatulia, akanitazama.

"Ngoja kwanza," alisema. "Hii kitu inasonga."

Kengele ililia. Nilibeba ubao, Becky akabeba makopo bila kuulizwa. Tulivuka uwanja wenye matope hadi Fomu ya Pili Mashariki. Mwalimu wao alikuwa hajafika. Niligonga mlango, nikaingia.